Ngata Niliyomsokotea Dorkas

Hamtaamini, lakini nilikuwepo. Miaka ile hata khanga kuukuu ilikuwa adimu, shemeji yangu Dorkas, mjane wa kaka yangu, alijitwika tangawizi kutoka milimani hadi soko la Ndungu. Shingo yake ndiyo iliyolisha watoto wanne. Ngata ya kichwani nilimsokotea mimi, kwa kamba ya mkonge, imara kuliko zote Upareni.

Asubuhi moja shingo ikagoma. Ukimwita, anageuka mwili mzima kama kabati. Wajuaji wakaipinda mpaka ikalia ko! Akazidi kuumia, akaacha kubeba. Watoto wakawa wanalalia uji.

Nikampeleka kwa Bibi Stumai, mkandaji. Hakuvuta wala hakupinda. Aliweka vidole viwili chini ya kisogo, akatulia kama anayesikiliza kifaranga ndani ya yai. Kisha akaishika ngata yangu.

"Nani kakupa jiwe hili, mwanangu? Limekupinda shingo. Sokota majani ya mgomba."

Nikatazama pembeni. Lakini sikilizeni: siku ileile shemeji akabeba magunia mawili, akashuka mlima mbio mpaka...

"Shemeji Loth!" Dorkas akadakia toka mlangoni. "Magunia gani? Kikapu nusu, tena baada ya mwezi. Na kushoto sigeuki hadi leo."