Uso wa Mkwe Kwenye Laivu

Kila Jumapili mchana, baada ya ibada, vijana wa bodaboda wa Dutwa hushindana kwenye njia ya vumbi inayokatisha mashamba ya pamba, na zawadi ni beberu. Aliyeanzisha kurusha laivu ni Luhaga. Huifunga simu kifuani kwa mpira wa tairi, kamera ikitazama mbele, na watu wa Bariadi hadi Mwanza hukimbia naye wakiwa wamekaa vitini kwao. Walimsifu sana, na kusema kweli kichwa kilikuwa kimeanza kumvimba.

Jumapili hiyo alikuwa anaongoza, Dastan yuko nyuma yake anakula vumbi. Kwenye kona ya mwisho akamkuta mama mmoja na beseni la michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Badala ya kukimbilia pembeni, mama akatua beseni, akageuka, akachuchumaa palepale njiani, kitenge kimemfunika kichwa kizima. Luhaga akafunga breki. Pikipiki ikayumba, tairi likapiga beseni, michembe ikamwagika vumbini, Dastan akapita.

"Toka njiani, kikongwe mchawi wewe!" Luhaga akafoka.

Huku kwetu neno hilo si la utani. Wapo wazee waliohama vijiji kwa sababu yake. Lakini watazamaji walimwaga vicheko, na Luhaga akaondoka bila kugeuka nyuma.

Jioni mkewe, Elina, aliitazama video hiyo amesimama. Alipofika kwenye beseni akamrudishia simu.

"Luhaga, kitenge hicho nilimnunulia mama mimi."

Luhaga akaifuta video haraka, ingawa ilikuwa imeshasambaa hata kwenye kundi la kwaya. Akajipa moyo: nilivaa helmeti, kamera haikunionyesha, na macho ya mkwe hayaoni vizuri. Labda hakunijua. Ili kupata uhakika akaitafuta tena kwa mtu aliyeisambaza, akaitazama polepole.

Kwanza mama anakuja zake, uso wazi. Anainua macho kwenye pikipiki, kwenye madigadi yake ya njano, pikipiki ileile aliyopanda binti yake siku ya harusi. Anashtuka. Ndipo anajifunika na kutoa mgongo.

Luhaga akaweka simu chini. Mama Nyanjige, mama yake Elina, husalimia kila apitaye, hata wachuuzi wa dagaa. Mtu pekee anayemficha uso ni mume wa binti yake, kama alivyofundishwa na mama yake. Kwa miaka minane hajawahi kula mbele ya Luhaga wala kukutana naye macho kwa macho. Alimjua kabla hajatukanwa. Alichuchumaa kwa heshima, na kwa heshima hiyo akaitwa mchawi. Na uso ule aliomficha mkwe wake miaka yote, Luhaga aliuona vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo, baada ya kuuonyesha kwa mkoa mzima. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Asubuhi akaenda kwake kwa miguu. Pikipiki hakuthubutu kuigusa. Mama Nyanjige alikuwa jikoni, na Luhaga akakaa nje, ameupa ukuta mgongo, kama mila inavyotaka.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mkwe. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mayu, yule wa jana ni mimi."

"Najua."

Kuni zilisikika zikivunjwa.

"Kwenye mashindano yenu ukawa wa ngapi?"

"Wa pili."

"Basi nisamehe, mkwe. Nilitaka nikupishe, nikakuona ghafla, magoti yakakataa kunifikisha pembeni. Nimekukosesha beberu wako."

Luhaga alikuwa amekuja na maneno mengi ya kuomba radhi, aliyapanga njia nzima. Badala yake machozi yalimtoka, akashukuru kwamba ukuta ulikuwa katikati.

Kisha mkono ukatokea mlangoni, mkono peke yake, ukasukuma bakuli nje. Ndani kulikuwa na michembe iliyochemshwa, bado ya moto.

"Kula, umetembea mbali."

Akatia kipande mdomoni, akatafuna. Mchanga wa barabarani ulikwaruza meno. Hakutema. Alikula bakuli lote, mpaka mwisho.