Nusu ya Nyumba, kwa Bei ya Matofali

Niliacha shule nikiwa darasa la sita, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini. Nilibaki na wadogo zangu wanne katika chumba kimoja cha kupanga, Kibondo mjini. Nikaenda bondeni kwenye matanuru kubeba maji na kupanga matofali, na baada ya miaka kadhaa nikawa na tanuru langu. Wakimbizi walipoingia kwa wingi kupitia mpaka wa Mabamba, ofisi na maghala yakaanza kujengwa, na tofali la kuchoma likapata bei. Hapo ndipo nilipothubutu kuwaza nyumba.

Baba mdogo, mkulima wa Murungu, alikuwa na mawazo mengine. Alikuja kututembelea, akatazama chumba kilivyovuja, akasema, "Mvua za vuli hazitawakuta humu. Huyu mdogo namchukua mimi. Wawili waende kwa shangazi yenu Kasulu. Wewe na huyu anayekufuata mmeshakua, mtaolewa." Hakusema kwa ubaya. Lakini mama, akiwa kitandani, alikuwa ameniomba tusitawanyike, nami nilikuwa nimeitika.

Karani mmoja mstaafu alikuwa anauza nusu ya nyumba. Ilikuwa nyumba ya zamani iliyogawanywa na ukuta wa katikati: upande mmoja wake, upande wa pili wa mama mwenye duka la vitenge, mzaliwa wa pwani. Bei ya nusu ile niliiweza. Swali lilikuwa kama kitakachobaki kingetosha kuitengeneza.

Nilimwita fundi. Akapiga teke ukuta wa mbele, vumbi likamwagika.

"Huu wote chini," akasema. "Unaanza upya."

"Wote?"

"Dada, kujenga siyo kupima dagaa sokoni."

Nilichuchumaa nikagonga kwa kifundo cha kidole, tofali moja baada ya jingine. Tofali lililoiva hulia kama chungu kizima; lililokaa pembeni mwa tanuru likakosa moto hunyamaza. Kozi tatu za chini, yaani mistari mitatu ya matofali, zilinyamaza. Kuanzia ya nne hadi juu, zote zililia.

"Kozi tatu," nikamwambia. "Tutazitoa kipande kwa kipande, huku tumeegemeza magogo."

Fundi akagonga mwenyewe, kisha akavua kofia yake akajikuna. "Nani kakufundisha?"

"Mgongo wangu. Nimeyabeba."

Kwa paa nilisubiri jua la saa sita. Niliwaingiza wadogo zangu ndani, nikafunga mlango na madirisha. Giza lilipotulia, kila tundu la bati likaangusha kipande cha jua sakafuni. "Kila mtu asimame kwenye jua lake," nikasema. Wakacheka, wakasimama, miguu haikutosha. Karibu matundu yote yalikuwa kwenye mstari mmoja, kando ya ukuta wa katikati. Mabati sita, basi.

Hesabu zangu nilizifanya kwa matofali, maana ndicho kipimo nilichokuwa na uhakika nacho. Bati moja lilikuwa matofali mia mbili. Mfuko wa saruji, mia moja na hamsini. Fundi, wiki mbili za tanuru. Nilijumlisha nikitembea, nikajumlisha tena usingizi uliponikimbia, na kila mara ilitosha, kwa kubakiwa na kidogo cha misumari. Nikanunua.

Siku tuliyoegemeza ngazi, yule mama wa dukani akatoka, mikono kiunoni.

"Mwanangu, unapanda wapi?"

"Nabadilisha mabati yangu, mama."

"Yako? Hebu tazama vizuri. Bati lako limelala chini ya langu. Ukilitoa lako, mimi nalowa na vitenge vyangu."

Nikapanda. Ilikuwa kweli, na bati lake, nilipoliinua, lilivunjika mkononi kama kipande cha muhogo mkavu. Nilikuwa nimehesabu paa kama watu wanavyohesabu shamba, kwamba la kwangu linaishia mpakani. Mstari ule ulihitaji mabati kumi na mawili, na kofia mpya ya juu, lile bati linalofunika kilele cha paa. Mimi nilikuwa na sita.

Nilishuka. Nikazunguka upande wake nikagonga ukuta wake wa mbele. Kozi nne zilinyamaza.

"Mama, nyumba yako inakaa juu ya udongo. Mvua kubwa moja tu, itakaa chini. Nitakutolea matofali na kuyapanga mimi mwenyewe na fundi. Wewe nunua mabati sita na kofia."

Alinitazama kutoka miguu yenye matope hadi kichwa. "Matofali ya tanuru lako?"

"Ya katikati ya tanuru. Ya pembeni siuzi."

"Hajambo huyu! Biashara umeanza lini?" Akaingia ndani kuchukua kibeti chake.

Baba mdogo alifika tukiwa tumeshahamia, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika, amefunga kimto kwenye keria ya baiskeli ili mdogo wetu akae vizuri. Mdogo wetu alimshika mkono akamwingiza ndani, akafunga mlango, akafunga madirisha yote mawili. Ilikuwa saa sita na jua bado lilikuwa kali.

"Hesabu matundu, baba mdogo," akasema.

Tulisimama gizani sote sita. Nilimsikia akigeuka polepole, akitafuta.

"Hamna kitu," akasema mwishowe. Kisha akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, chini kabisa, nao ukalia.

Alikula kwetu mchana ule. Alipoondoka alifungua kile kimto kwenye keria, akakiweka juu ya kigoda changu.