Jina Lililomezwa Hewani

Miaka ile redio za watu binafsi zilipoanza kuruhusiwa, nilipata kazi ya ufundi mitambo katika kituo kidogo mjini Arusha. Mkuu wangu alikuwa mzee wa Kisingasinga, fundi redio tangu ujana wake. Siku kompyuta ilipoletwa, tulisahau hata chai.

Programu yake ilikuwa ya kuchora. Unapanga visanduku kwenye kioo, unaviunganisha kwa mistari, na sauti inapita humo. Kimoja kilisikiliza kama mtangazaji anaongea. Kingine kilikuwa mlango: akinyamaza, kinafunga ili mngurumo wa jenereta usiende hewani. Nilivichora mwenyewe, na nilijivuna kweli.

Jumamosi nikapanda nyumbani, Olmotonyi. Mama alipoitikia shikamoo yangu, akanisimulia kwamba alisikia tangazo la kifo kwenye redio yetu, lakini mtangazaji alipotua kidogo, jina la marehemu lililofuata likamezwa. Ilisikika tu kuwa ni binti wa fulani, na baba huyo, jirani wa ng'ambo ya korongo, alikuwa na mabinti watatu. Mama alitembea hadi huko bila kujua ni yupi.

"Njia nzima nilikuwa nachagua nimlilie nani," alisema.

Alikuwa yule wa kati. Sikuthubutu kusema kwamba mlango ule ni kazi yangu.

Jumatatu nilimweleza mzee, nikingoja kukaripiwa. Akavuta kiti. Alinieleza kwamba sauti hupita muda wote kama maji ya mfereji, ila ujumbe kati ya kisanduku na kisanduku huenda pale tu penye neno la kusema. Kisanduku changu kilituma ujumbe wa kufungua, lakini ulifika sauti ikiwa imeshagonga mlango.

"Icheleweshe sauti kidogo, binti," alisema. "Mwenye habari atangulie."

Nikaongeza kisanduku cha kuchelewesha. Mzee akaingia studio kujaribu, na kwa kukosa karatasi akataja kutoka kichwani majina ya wateja wake wa zamani: Wameru, Wachaga, Wahindi, Waswahili wa mitaa ya zamani. Yote yalifika mazima. Alipomaliza hakutoka upesi. Baadaye aliniambia wengi wao ni marehemu.

Wiki iliyofuata nilikiri kwa mama. Alinisogezea bakuli la loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, akaniambia nikishakula twende wote kuhani msiba. Tukaenda, na kwa yule baba nikayasema yote mwenyewe.