Theluji Ndani ya Chupa ya Chai

Kwetu Kasoli, huko Bariadi, korongo ni mahali mvua ilipokula ardhi na ng'ombe wakapafanya njia ya kwendea majini. Sikujua kwamba korongo linaweza kusimama karibu wima, likajaa theluji na kummeza mtu. Nilijua baada ya mdogo wangu kuacha kuchuma pamba na kwenda Moshi kubeba mizigo ya watalii Kilimanjaro. Safari yake ya kwanza ndiyo ikawa ya mwisho. Aliteleza kwenye korongo moja karibu na kilele, theluji ikaendelea kuanguka, na wenzake waliomtafuta wakarudi mikono mitupu.

Simu ya msiba ilipokuja, mama hakupiga kelele. Aliuliza tu mwili unafika lini. Nilipomwambia hakuna mwili, akaacha kitanda na kuanza kulala kwenye mkeka. Katika ukoo wetu, aliyefia mbali asipopatikana, huletwa udongo wa pale alipoangukia, ukazikwa karibu na zizi walipolala wazee. Hapo ndipo wafiwa wananyolewa na matanga yanaondolewa. Bila udongo hakuna kunyolewa. Nywele za mama ziliota chini ya kitambaa, pamba ikavunwa, ikapandwa nyingine, naye bado yuko chini. Majirani walisema atazoea. Wasemaji wa namna hiyo huwa nawaangalia tu, maana nikiwajibu tutagombana.

Asubuhi moja nilimwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," naye akaketi kwenye mkeka.

"Nenda ukamlete," aliniambia.

"Mayu, kule kuna barafu tu."

"Chini ya barafu kuna udongo. Mungu hakuuweka mlima hewani."

Ningebishana na nani? Ada ya kupanda mlima ule si ya mtu wa jembe, kwa hiyo niliingia kama alivyoingia yeye, nikiwa mpagazi. Kiongozi aliyekuwa naye siku ile ya ajali alinionea huruma, akanipa nafasi katika kundi lake pamoja na viatu vilivyonizidi ukubwa. Nilibebeshwa mfuko wa vyombo vya jikoni. Ndani ya koti nilikuwa na kitambaa cheupe cha mama cha kufungia udongo.

Tulifika kwenye korongo baada ya siku kadhaa za kutembea, tukaanza kulipanda alfajiri, kabla jua halijalegeza mawe yaliyoshikwa na barafu huko juu. Kiongozi alikuwa akipiga theluji teke mpaka inatokea sehemu ya kukanyaga, nasi tunaweka mguu palepale, mmoja nyuma ya mwingine. Nilivuta pumzi na haikutosha, nikavuta tena. Niliogopa sana, wala sioni haya kusema. Nilipotazama chini niliona weupe unaoteremka mpaka kwenye ukungu, nikafikiria jinsi alivyoteremka nao yeye, na kama aliita mtu.

Katikati ya mteremko kiongozi alisimama.

"Ni hapa kaka," alisema. "Alikuwa nyuma yangu, kama ulivyo wewe."

Nilitua mzigo, nikapiga magoti, nikachimba kwa mikono. Vidole vilipokufa ganzi nilitoa mwiko kwenye vyombo nikaendelea nao. Theluji laini ikaisha, ikaja ngumu, kisha barafu. Mwiko ukavunjika. Niliipiga barafu ile kwa kipande kilichobaki huku namtukana mdogo wangu kwa Kisukuma, kwa nini hakubaki shambani kama watu wengine. Jiwe likapita karibu yetu kwa kasi. Kiongozi akanishika bega, akasema tukikaa pale tutazikwa wote.

Ndipo nikafanya nilichofanya. Nilichukua chupa ya chai, nikamwaga chai ya watu, nikaijaza theluji ya pale na kuifunga kwa nguvu. Nilijiambia kwamba chupa inayotunza moto itatunza na baridi. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kushika theluji, na mimi nilikuwa nimeijua kwa siku moja.

Kileleni wageni walikumbatiana na kupiga picha. Mimi nilitazama upande wa magharibi, nikitafuta Bariadi, nikaona mawingu. Chini ya miguu yangu kulikuwa na udongo mkavu, mweusi, usio na theluji hata kidogo.

"Chota huu," kiongozi alisema taratibu. "Nani atajua?"

"Mdogo wangu hakufika hapa," nilimjibu, na nilimjibu vibaya, wakati yeye alikuwa ananisaidia.

Tulipokuwa tunashuka, theluji ilikuwa ikigongagonga ndani ya chupa. Tulipofika msituni sauti ilibadilika, ikawa ya kuchezacheza. Ndani ya basi la kwenda Shinyanga niliipakata chupa ile njia nzima. Nilikuwa nimeshaelewa, lakini sikuifungua. Maswa nilishuka kubadilisha gari tena, mama muuza chai akauliza kama anijazie. Nikaikumbatia chupa, nikapanda gari.

Nyumbani nilikuta shimo dogo limeshachimbwa kando ya zizi. Baba mdogo alikuwa na wembe mpya mkononi. Mama aliinuka kwenye mkeka, akafungua kitambaa chake kichwani mbele ya watu, na nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Nilimpa chupa. Aliifungua, akachungulia ndani.

"Haya ni maji," alisema.

"Ni theluji ya pale alipo, mayu. Udongo haukufikika."

Baba mdogo alinivuta pembeni. "Maji hayazikwi," alisema kwa sauti ya chini. "Ungechota udongo wowote njiani. Afadhali ungetudanganya."

Mama alikuwa ameshainama. Aliyamimina yale maji polepole shimoni. Ilikuwa kiangazi, na udongo wetu mweusi ulikuwa umepasuka nyufa. Maji yaliingia kwenye ufa mmoja na hayakuacha hata tope. Aliikung'uta chupa, akasubiri, akaikung'uta tena.

"Ndiyo yote?" aliniuliza.

"Ndiyo yote, mayu."

Baba mdogo aliurudisha wembe kwenye karatasi yake. Mama akajifunga kitambaa kichwani, akarudi kulala kwenye mkeka.