Dada Aliyekula Udongo

Dada yangu alianza kula udongo alipopata mimba. Mume wake alikuwa Geita kwenye mashimo ya dhahabu, kwa hiyo alirudi kwetu Kishapu kujifungulia kwa mama. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba akibandua ukuta wa tope na kutafuna.

"Dada, utaumwa."

"Niache. Nikiukosa silali."

Kliniki walimwambia damu imepungua, mwili hauna madini ya chuma. Wakampa vidonge, vikamtapisha, akaviacha. Nesi alimshauri ale nyama na maini. Zizi letu lilikuwa limejaa, lakini nilipomwomba baba achinje hata mbuzi, alinijibu, "Mama yako alikuzaa kwa ugali na mlenda."

Dada alijifungulia nyumbani mchana. Damu ilimtoka nyingi, naye hakuwa na ya kupoteza. Tulimpakia kwenye pikipiki, mimi nikiwa nimemkumbatia kwa nyuma. Alinifia mikononi kabla hatujafika barabara ya lami.

Mtoto alibaki kwetu. Juzi nilimpeleka kliniki, nesi akamvuta kope la chini na kulitazama.

"Huyu naye hana damu," akasema.

Alinipa dawa ya maji. Kila nikimnywesha, anaitema.