Moto wa Mama Mchungaji

Nilipokuwa mtoto, Mwingereza akiwa bado anatutawala, sisi watu wa Mdandu tulimchukia Mama Mchungaji. Nasema waziwazi kwa sababu juzi, kwenye mazishi yake kule Lyamkena, Makambako, msomaji wa wasifu alisimama akasema kijiji chetu kilimpokea kwa vigelegele. Vigelegele gani? Mimi nilikuwepo. Wanawake wakimwona njiani waligeuza shingo. Sisi tulikuwa Walutheri, na mumewe alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, wale wa kuzamisha watu mtoni, tukasema wamekuja kutuibia waumini.

Lakini kanisa lilikuwa kisingizio. Chuki yenyewe ilitokana na moto.

Siku hizo kiberiti kilifuatwa Makambako, na aliyekuwa nacho alikificha. Moto ulilazwa majivuni, na ukizimika mtoto alitumwa na kigae kwa jirani kuomba kaa. Hata mgomvi wako hakukunyima. Aliyenyimwa ni mama wa mapacha peke yake. Mapacha walikuwa mkosi. Mama yao alihamishiwa kibandani pembeni mwa shamba mpaka mganga aje kumwosha kwa dawa, na aliyempa moto angevimba mwili na mazao yake yangekauka. Hayo waliyaamini watu wa kwenda ibadani kila Jumapili, baba yangu akiwa mmoja wao.

Mama yangu alijifungua mapacha wakati wa kipupwe, na nyie mnaijua baridi ya Njombe. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyemhamisha. Mganga alisemekana yuko njiani, na mpaka leo sijui ni njia gani hiyo. Mimi nilipeleka ugali, nikauweka juu ya kisiki na kurudi nyuma. Asubuhi moja sikuona moshi. Mama akaniambia kwa sauti kutoka ndani kwamba mvua ya manyunyu imevuja ikazima moto. Nikakimbia kumwambia bibi, naye akajibu kwamba mganga anakuja. Baba alikuwa anachonga mpini. Aliendelea kuchonga.

Kila nilipopeleka chakula nilisikiliza vilio viwili. Siku moja nikasikia kimoja.

Nilikaa njiani nikalia. Mama Mchungaji alikuwa anapita na jembe begani, akaniuliza nina nini, nikamweleza yote. Nilitegemea ataanza kuomba, maana ndivyo tulivyowajua.

"Moto kwangu upo," akasema, akageuka kurudi alikotoka.

Alirudi mchana kweupe, kigae cha makaa mkononi na mzigo wa kuni kichwani, akikatiza katikati ya kijiji. Bibi akamzibia njia.

"Mama Mchungaji, moto huo ukishaingia humo hautakaa humo. Utaingia kila nyumba, na kila nyumba italia."

"Nipishe, mama. Makaa yanapoa."

Akapita, akaingia kibandani kwa mama yangu. Kulwa alikuwa ameshakufa kifuani kwake. Mama Mchungaji akawasha moto, akampasha Doto mgongo, akakaa nao mpaka baba alipoona aibu akaenda kuwachukua. Aibu yake ilichelewa, na sijamsamehe.

Kijiji nacho hakikumsamehe Mama Mchungaji. Akifika mtoni wenzake wanajitwika mitungi na kuondoka. Baridi ilipounguza njegere zake bondeni, bibi alitembea nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba yeye alishasema. Njegere zetu ziliungua pia, lakini hizo hakuna aliyezitaja.

Masika ikaja na mvua ya mawe. Upepo ulizoa nyasi za mapaa, maji yakajaa mekoni, moto ukazimika kijiji kizima. Nyumba ya mchungaji peke yake ilikuwa na bati. Tukakaa tunatetemeka, kila mmoja akimtazama jirani yake. Mwishowe bibi akanipa kigae.

"Nenda kule kwenye bati. Usiseme nimekutuma."

Nilikuta foleni ya watoto wenye vigae, wote hawakutumwa na mtu. Mama Mchungaji alinichagulia kaa kubwa, akalifunika kwa majivu, akauliza kama bibi yangu hajambo. Jioni ile bibi alipika kwa moto huo na akala akashiba. Kesho yake mtoni wanawake walimtwisha Mama Mchungaji mtungi wake. Kumwomba radhi, ng'o!

Aliishi sana. Aliwazalisha wake za watoto waliomkimbia, aliosha maiti za waliomsengenya, alifundisha wasichana kushona, na mumewe alipofariki akahamia Makambako akaendelea kutembea kwa miguu kutazama wagonjwa. Amekufa akiwa na matuta yake ya viazi. Hayo msomaji aliyasema vizuri. Vigelegele ndivyo vilivyoniudhi, kwa sababu vinatusafisha sisi.

Bibi namkumbuka kila nikiona moshi jikoni asubuhi. Alisema kweli kwamba moto ule utaingia kila nyumba. Uliingia, na wakwe na wajukuu wakauota. Nyumba iliyolia ni ile ambayo ulichelewa kuingia.

Pale makaburini Doto, mzee mwenye mvi, alikataa kumwachia mtu sepetu. Alifukia mwenyewe mpaka mwisho, jasho likimtiririka kwenye baridi ile.