Mama Hali Kabla ya Kutembea

Wakati wa korona, shule zilipofungwa, nilibaki peke yangu katika nyumba yetu ya Kasenga. Mke wangu na watoto nilikuwa nimewapeleka Kiringye kwa wakwe zangu, nikiamini kwamba huko hewa ni nyingi kuliko watu. Mimi nikabaki kulinda nyumba. Kuilinda na nini, sijui, maana mwizi angekuta viti vinne na mwalimu mmoja mwenye hasira.

Mtu aliyezoea kuwasemesha wanafunzi sitini kutwa nzima akinyamaza ghafla, kichwa hujitafutia kazi. Changu kiliipata kwenye redio. Nilisikiliza habari za vifo asubuhi, mchana na jioni, kisha nikaosha kitasa cha mlango. Nyanya niliziloweka katika maji ya sabuni. Mtaani kwetu tunaishi ukuta kwa ukuta, jirani akikohoa kwake wewe unashtuka kwako, nami kila kikohozi nilikiona kinanijia mimi. Fundi wa mbao aliye ng'ambo ya barabara nilimchukia kwa sababu ya msumeno wake tu. Usingizi ulikuwa umenihama. Hata hivyo nilijiona mtu mwangalifu, mwenye akili kuliko mtaa mzima.

Ndipo mama yangu aliposhuka kutoka kijijini kwake Lemera, mlimani. Alifika nyuma ya pikipiki na mfuko wa maharage, akasema amekuja kunisalimia siku mbili tatu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mama hakuwa na dalili ya kuondoka, na aliyepewa jembe ni mimi. Nilimwekea chai na mihogo, akaisukuma sahani.

"Minye siwezi kula kama sijatembea," akasema. "Kwetu muntu anatembea kwanza."

"Mama, huku ugonjwa iko mu barabara."

"Basi nitangoja."

Akangoja. Saa sita mihogo ilikuwa imepoa mezani, naye amekaa mlangoni akitazama ukuta wa jirani. Kesho yake vilevile, alikunywa maji tu. Nikaogopa kwelikweli. Nilikuwa nimesikia habari za wazee wa milimani wanaoletwa mjini wakafa kwa mawazo, bila homa wala jeraha. Nikamwona mama yangu akinifia mikononi kwa sababu mimi nimefunga mlango. Asubuhi iliyofuata nikamfunga kashene, kile kitambaa cha kuziba pua na mdomo, nikajifunga na yangu, tukatoka kuelekea ziwani.

Nilikuwa nimepanga twende mbio, turudi mbio. Ole wangu! Kwao Lemera watu wawili wakikutana kwenye njia ya miguu, mmoja husogea kando, mzigo huwekwa chini, na salamu huzunguka nyumba nzima, mtu mmoja mmoja. Mama aliileta sheria hiyo Kasenga bila kuipunguza hata kidogo. Alisogea kando, tena mbali kuliko redio ilivyoagiza, akaanza. Muuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, aliulizwa habari ya mume, ya watoto, ya mguu unaomuuma. Mimi nilisimama nyuma nikiungua kwa haya na woga.

Kijana mmoja wa pikipiki akapita kasi, akatutupia "Jambo, mama!" bila kupunguza mwendo.

"Rudia hapa!" mama akapaza sauti. "Sijamaliza kukuuliza!"

Haki ya Mungu, alirudi. Alizima pikipiki, akaeleza habari za kwao zote, na abiria wake naye akaulizwa, akajibu kwa adabu ingawa alikuwa amechelewa. Nilicheka mpaka kashene ikalowa. Sikukumbuka nilikuwa nimecheka lini kabla ya hapo.

Tuliporudi mama alikula sahani mbili, nami nikala naye. Tangu hapo tulitoka kila asubuhi. Nilijisifu moyoni kwamba nimemponya. Kupitia kwake niligundua kuwa fundi wa mbao, yule wa msumeno, alikuwa na mapacha wanaotambaa, nami nimekaa mbele ya mlango wake miaka minane. Siku moja nilimsalimia mimi kwanza, kabla ya mama. Akauweka msumeno chini, tukazungumza, yeye upande wake wa mtaro na mimi upande wangu, mpaka jua likatuchoma. Jioni ile nilisahau kuwasha redio.

Alasiri moja, wiki kadhaa baadaye, nilikuwa naosha sahani uani huku nikiwaza jinsi ya kumrudisha mama kwake, maana mashamba hayangoji mtu. Simu yake ikalia. Alikuwa mdogo wake, anayemtunzia nyumba huko Lemera. Mama anaamini kwamba simu haifiki mlimani usipopiga kelele, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Hapana, siwezi kupanda mulima sasa," alisema. "Si nilikuambia muke ya mutoto wangu alinipigia akilia? Mutoto anakula akisimama, anasemeshana na redio! Nikamufanyia akili, nikakataa chakula siku mbili. Njaa iliniuma, weye! Lakini sasa analala, anacheka. Ngoja mugonjwa apone muzuri, ndipo nitarudi."

Nilisimama na sahani mkononi. Nilitaka kukasirika, kwani ndiyo kazi niliyoizoea, lakini hasira haikuja. Yalikuja machozi, na nyuma yake furaha kubwa. Mwanamke wa umri ule alilala na njaa kwa ajili yangu, nami nikadhani namuuguza yeye. Nikajifuta uso, nikaenda mpaka mlangoni.

"Mama," nikasema, "ule mugonjwa wako anauliza kama mutaenda ku ziwa leo tena."

Hakuona haya hata chembe. Simu ikiwa bado sikioni, alinitazama toka juu hadi chini.

"Umuambie avae viatu," akasema.